Kofia Iliyobaki Safu Mbili

Juzi sokoni Morogoro nilishika kofia nikaigeuza ndani nje. Kijana muuzaji akacheka. "Shikamoo, bibi. Wenzako wanatazama nje, wewe unatazama ndani?" Nikaitikia, nikamrudishia. Ndani ilijaa vifundo. Ningemweleza nini, mwenzangu, mtoto wa juzi yule?

Zamani za Mdachi tuliishi Mlali, mimi, baba, na bibi mzaa baba, mama simkumbuki. Bibi alishona kofia za viua. Kila kitobo alikidarizi kwa uzi mweupe, taratibu, kutwa nzima barazani, huku mihogo ikichemka na mimi nikimtungia sindano. Kofia moja ilikula miezi. "Uzuri wa kofia uko ndani," alizoea kusema, na akiona kifundo alifumua safu nzima bila huruma.

Mwaka ule baba alitaka kwenda kwenye kazi ya reli, huko mbali ilikokuwa ikielekea. Mnyapara alisema kundi moja linaondoka kesho, jingine mwezi ukiandama. Kofia ambayo bibi alikuwa akimshonea baba ilibaki safu mbili kwisha. Kwetu mwanamume hakusafiri kichwa wazi, na nadhani ndiyo maana bibi hakuharakisha. Lakini jioni baba alirudi na kofia ya dukani, nyekundu, inang'aa.

"Haraka haraka haina baraka, mwanangu," bibi akamwambia.

Baba akanigeukia akitabasamu. "Haya, mama, nichagulie wewe. Niondoke na hii, au ningoje ya bibi yako?"

Nilikuwa mtoto, na macho yangu yalikuwa kwenye ule wekundu. "Hiyo!" nikasema. Bibi aliinama akaendelea kushona.

Alfajiri baba akaondoka kwenye manyunyu. Kabla hajafika mtoni, rangi ilikuwa imeanza kumchuruzika shingoni.

Hakurudi. Vita ikaja, Mdachi akaondoka, habari hakuna. Bibi aliimaliza kofia ile. Kila Idi aliifua, akaitia uwanga, akaivika kwenye kibuyu ikauke, akaniweka niilinde. Hakunilaumu hata siku moja, na hilo liliniuma kuliko kiboko.

Sasa bibi naye hayupo, na ile baraza imelimwa mahindi. Wa kunitungia sindano sina, wala wa kumshonea. Kofia ninayo. Ndani haina kifundo hata kimoja. Idi ikifika nitaifua, nitaitia uwanga, nitaivika kwenye kibuyu, kisha nitakaa niilinde. Haijapata kuvaliwa na mtu.