Wodi Iliyopandishwa Mlimani

Ukimuuliza Elieshi kwao ni wapi atakwambia Same, kisha atasubiri aone uso wako utafanyaje. Mzungu atauliza hiyo ni nchi gani. Mtanzania atasema, "Aa, Kilimanjaro," na hapo ndipo damu humchemka. Ni kweli, kwenye karatasi za serikali Same imo mkoani Kilimanjaro. Lakini mkoa mmoja si sahani moja. Wapo waliokaa upande wa nyama na wapo waliokaa upande wa mfupa, na kijiji cha Mgwasi, kilichoko tambarare nyuma ya yaliyokuwa mashamba ya katani, kilikaa upande wa kusikia harufu tu.

Alikuwa na miaka arobaini na saba, na huu ulikuwa mwaka wake wa kumi na tisa London. Aliishi Kilburn, kwenye fleti ya kupanga juu ya duka la simu, yeye na binti yake Natasha, na kazi yake ilikuwa uuguzi katika nyumba ya wazee. Mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kwaya, na asiyesahau jambo lolote alilotendewa, liwe jema au baya. Wapare ndivyo wanavyosemwa: Mpare yuko radhi auze ng'ombe aendeshe kesi ya kuku. Aliyependa kumtupia maneno hayo kuliko watu wote alikuwa Valentine, Mchaga wa Kibosho mwenye nyumba yake Harrow, ambaye aliishi kwa kuyaandikia mashirika maombi ya ufadhili. Elieshi naye hakumlazia damu. Alimjibu kwamba ukitaka kujua kama Mchaga amekufa kweli, dondosha sarafu karibu na sikio lake. Wapare na Wachaga ni watani, na watani hawaachiani.

Lakini utani si mdomo tu. Mtani ana haki zake, na kubwa kuliko zote ni ile ya msibani.

Miaka miwili iliyopita mdogo wake Elieshi, Namsifu, alishikwa na uchungu alfajiri huko Mgwasi. Zahanati ya kijiji ilikuwa na kitanda, lakini haikuwa na maji wala muuguzi. Kila muuguzi anayepangiwa Mgwasi hufika Jumatatu, akaanza kuandika barua ya uhamisho Jumanne. Wakampakia Namsifu kwenye bodaboda wampeleke hospitali mjini. Usiku huo mvua ilikuwa imenyesha milimani, korongo likajaa, na daraja halijawahi kuwepo. Wakakaa ukingoni kusubiri maji yapungue. Maji yalipopungua, Namsifu alikuwa ameshakata roho, yeye na mtoto wake. Kaka yao Kajiru ndiye aliyepiga simu.

Watu wakajaa ile fleti ya Kilburn siku tatu, na Elieshi hakuangusha chozi hata moja. Siku ya tatu akaingia Valentine. Alichukua kanga ya Elieshi akajifunga kichwani, akakaa chini katikati ya akina mama, akaanza kulia kwa sauti kwamba Namsifu amekufa na kesi yake ya kuku, na nani sasa atamlipa ng'ombe wake. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Elieshi akacheka, na katikati ya kucheka chozi likapata njia, akalia kama mtoto. Tangu siku ile angemkabidhi Valentine hata roho yake aishike.

Mfamasia aliyeleta dawa kwenye ile nyumba ya wazee alikuwa dada mmoja wa Kihindi aitwaye Kavita. Aliposikia msiba alikuja kutoa pole, na katika mazungumzo wakagundua jambo: babu yake Kavita alikuwa na duka Same, jirani na stesheni. Ukoo wao ulikuwa ukitafuta kitu cha kujenga kwa jina la babu huyo. Elieshi akaalikwa chai nyumbani kwao Rayners Lane, akakaribishwa chevda, vile vitafunio vya Kihindi vya kukaanga, na baba yake Kavita, mzee wa miaka themanini na kitu, ambaye Kiswahili chake cha dukani kilikuwa hakijachuja.

"Mimi zaliwa Same," mzee alisema. "Treni nakuja, nasimama, napakia katani, nakwenda. Siku zote napakia. Kushusha hapana."

Elieshi aliyaandika maneno hayo nyuma ya risiti ya dukani, na kutoka hapo akaanza kutengeneza faili. Miezi mitatu, wakati wa mapumziko kazini, wenzake wakinywa chai yeye aliandika. Aliandika kwamba kule mlimani wamisionari walipanda kwa sababu kuna baridi na hakuna mbu, wakajenga shule. Kahawa ikalipa ada, shule ikatoa makarani, makarani wakazaa wakubwa, na mkubwa hasahau njia ya kwao, bali huitilia lami. Tambarare walipelekewa mkonge. Mkonge ulitaka migongo ya watu, haukutaka vichwa vyao, na bei yake ilipoanguka wenye mashamba waliondoka wakaacha visiki. Baada ya hapo kila mradi uliopita ulikuja na maswali yaleyale: je, kuna maji, kuna barabara, kuna wataalamu? Hakuna. Basi wakaupeleka kwenye navyo. Watu wa Mgwasi walinyimwa kwa sababu hawana, na hawana kwa sababu walinyimwa. Aliomba kitu kimoja tu, wodi ya wazazi yenye kisima na nyumba ya muuguzi. Kajiru akatuma picha za kitanda kile na za korongo, na moja ya Namsifu akiwa na joho la kwaya.

Siku ya ibada ya kutimiza mwaka tangu msiba, watu walikula na kunywa pale fletini, na faili lilikuwa juu ya kabati. Valentine akaliona, akalifungua, akasoma akiwa amesimama. Kisha akalibana kwapani akatangaza kwamba mali ya Mpare haiibiwi, inaokolewa. Kicheko kikalipuka. Kwa desturi, kitu kilichonyakuliwa na mtani hukombolewa palepale. Unampa kuku, au kitenge, au hata kipande cha sabuni, anakurudishia chako. Usipokikomboa umeridhia. Adelina, mama wa Kipare aliyekuwa ameketi karibu, alimvuta Elieshi mkono akamwambia mara mbili kwamba akomboe mali yake. Elieshi akacheka. Alimwambia Valentine achukue tu, akalipambe kwa Kiingereza cha wafadhili na kulifikisha kwa akina Kavita, si ndiyo kazi yake?

Juma lile akampigia Kajiru kwamba mambo yameiva. Mgwasi hawakungoja kuambiwa mara ya pili. Wakaitana msaragambo, ile kazi ya kijiji kizima ambayo asiyetokea hutozwa, na kila Jumamosi wanawake walibeba mawe kutoka korongoni, lile lile korongo, wakayarundika kando ya zahanati yawe ya msingi. Kajiru alikuwa akimtumia picha. Kila juma rundo lilikuwa limeongezeka. Elieshi alizionyesha kazini mpaka wale wazee wa Kiingereza wakawa wanauliza mawe yamefikia wapi.

Valentine alipoulizwa alijibu kwamba mambo yanakwenda. Miezi minane yalikwenda. Hatimaye ukaja mwaliko wa uzinduzi, Jumamosi saa nane mchana, kwenye ukumbi mmoja huko Harrow. Elieshi alivaa kitenge chake kipya. Mlangoni walipewa vijitabu, na juu ya jalada alikuwa Namsifu na joho lake, anatabasamu. Elieshi alisimama palepale akamtazama mdogo wake, akaona fahari. Natasha ndiye aliyefungua ndani. Mtoto huyu anaelewa Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza.

"Mum," alisema polepole, "this isn't Mgwasi."

Ilikuwa Kibosho. Picha ya pili ilikuwa ya kiwanja cha kijani, migomba nyuma, barabara ya lami mbele, karibu na kanisa alikobatizwa Valentine, ambalo Elieshi alilijua. Maneno yalikuwa ya Elieshi: kitanda, korongo, mama aliyekufa ukingoni. Hata treni ya mzee ilikuwamo. Jina la kijiji tu halikuwamo. Paliandikwa "mkoani Kilimanjaro", na hilo nani angelikana?

Alimkuta Valentine kwenye jiko la nyuma ya ukumbi, anapanga vikombe.

"Umempeleka mdogo wangu Kibosho," alimwambia.

Valentine hakubabaika. Alifunga mlango akaeleza kwa upole, kama mtu aliyejiandaa. Wahandisi wa akina Kavita waliuliza maji, umeme, barabara, na daktari gani atakubali kuishi huko. Angeandika Mgwasi wangekataa, na msaada wote ungekwenda nchi nyingine. Yeye aliuokoa ukabaki mkoani.

"Kwenu kuna hospitali tatu," Elieshi alisema.

"Ndiyo maana ya nne itasimama."

Hilo ndilo lililokuwa limeandikwa kwenye faili la Elieshi mwenyewe, kurasa kumi na mbili, isipokuwa yeye aliliandika kama shitaka. Akasema hiyo ni picha ya ndugu yake. Valentine akatabasamu, akamkumbusha kwamba faili alilichukua mbele ya watu, mchana kweupe, na mwenyewe hakulikomboa. Akasema mtani hakasirikiwi. Elieshi akashika kitasa, akamwambia anakwenda kwa Kavita sasa hivi kumweleza kila kitu. Hapo ndipo utani ulipotoka usoni mwa yule mtu.

"Nenda," Valentine alisema. "Ila akikuuliza wewe mwenyewe nyumba yako ya uzeeni umeijenga wapi, utamjibu nini?"

Ilikuwa pembeni ya mji wa Moshi. Vyumba vinne, geti jeupe, bomba ndani na lami mlangoni. Kiwanja alitafutiwa na Valentine huyuhuyu, na kipindi kile walichekana sana, Mpare anahamia Uchagani! Elieshi alijenga Moshi kwa sababu kuna maji na hospitali iko karibu. Sababu zilezile za wahandisi. Mkono ukaachia kitasa.

Mlango ukafunguliwa kutoka nje; Kavita alikuwa akimtafuta. Akamshika mkono akampandisha jukwaani, akawaambia watu kwamba bila dada huyu pasingekuwa na mradi. Mzee wake alikuwa mstari wa mbele, anatabasamu, akiamini ya kwamba treni hatimaye imeshusha kitu Same. Mtu mwingine angekipasua kile kijitabu mbele yao. Elieshi alifungua kinywa akasimulia kwamba Namsifu aliimba sauti ya pili, kwamba alipenda viazi vitamu, na kwamba alikufa akisubiri maji yapungue. Hakusema ni maji ya wapi. Watu wakasimama wakampigia makofi, na kila kofi lilimwingia kifuani. Alikuwa amesalitiwa, na sasa ameusaini usaliti wenyewe kwa ulimi wake.

Wakati wa kuondoka Valentine aliwasindikiza mlangoni, akamtania kidogo kuhusu kitenge. Elieshi akamgeukia.

"Utani umekwisha," alimwambia. "Siku ukifiwa sitakuja kukuchekesha."

Valentine alicheka, akidhani huo nao ni utani. Alipoona mwenzake hacheki, akabaki ameushika mlango. Kwenye treni ya kurudi Natasha alimlalia mama yake begani mpaka Kilburn.

Jumapili baada ya kanisa akampigia Kajiru. Alikuwa amejipanga kumweleza kwa mapana, na kuomba radhi, na hata kulaani, lakini Kajiru alimwelewa kwenye sentensi ya kwanza. Watu wa Mgwasi ni wepesi wa kuelewa habari ya aina hiyo. Aliuliza tu wameipeleka wapi. Elieshi akasema Kibosho. Kwa nyuma alisikia mbuzi, na mtu akikohoa.

"Kibosho si karibu na kwako, dada?" Kajiru aliuliza.

"Si mbali."

"Basi si hasara tupu." Sauti yake ilikuwa imechangamka, hapakuwa na kejeli hata chembe. "Mke wangu ana miezi saba. Na binti wa jirani yetu Mchome naye ana mimba, na wengine wawili. Hata hiyo wodi isipokuwa tayari, hospitali nyingine si zipo? Wakikaribia tutawaleta wakae kwako wangojee siku zao. Vyumba si vinne?"

Miaka mitano ile nyumba imesimama, na hakuna mtu wa Mgwasi aliyewahi kukaribishwa kulala ndani yake. Kajiru alikuwa akiijua kwa picha tu.

"Vinne," Elieshi alisema.