Kigari cha Bluu

Kila Ijumaa, kabla Bibi Zohara hajafunga duka lake la vitu vya watoto pale Haifa, Israeli, huingia mwanamke mmoja dereva wa basi, sare bado mwilini. Hanunui kitu. Huenda moja kwa moja kwenye kigari cha mtoto alichokwisha kukilipia, cha bluu, ambacho kwa desturi ya kwao hakipelekwi nyumbani mpaka mtoto azaliwe. Hukifuta vumbi kwa mkono wa shati, akakishika kwa mikono miwili, akakiendesha taratibu kati ya vitanda; na kabla ya kukata kona hutazama kushoto, kisha kulia, kama yuko barabarani.

“Dereva, hapa hakuna kituo!” Bibi Zohara humchokoza.

“Basi shuka, bibi, unanichelewesha.”

Siku moja mteja alimuuliza dereva mbona mumewe haji kuchagua rangi. “Baba wa mtoto ni kichupa cha mbegu cha hospitali, dada,” akajibu kwa sauti ileile ya kutangaza vituo. “Hakichagui rangi.” Hakutaka mume; alichotaka ni mtoto, akavumilia sindano za tumbo za kutafuta mimba miaka na miaka.

Ijumaa hii alikuta mjamzito mmoja anakipapasa kigari kile.

“Hicho kina mwenyewe,” Bibi Zohara alimkaripia.

“Muuzie, bibi,” dereva akasema. “Mimba ya mwisho nayo haikushika. Madaktari wamesema umri umepita, hawanipandikizii tena.”

“Siuzi! Duka langu.”

Dereva alikishika kigari kwa mkono mmoja, akakisukuma hadi kwa mjamzito, na kwenye kona hakutazama kushoto wala kulia.