Fundi wa Lipu na Riwaya Zake

Fundi wa lipu aliyekarabati nyumba ya Odeta, mtaani Kawajense, alisoma riwaya za upelelezi kila mchana, akifunua kurasa kwa kidole kidogo, maana vingine vilijaa saruji. Alipenda zile za nyumba kuukuu: ukuta unabomolewa, siri inatoka, wala hafi mtu. "Raha yake, mama, unacheka huku nyumba inapendeza," alimwambia Odeta.

Siku ya tatu alibandua lipu ya jikoni, akasimama bila kugusa kitu. "Mama, njoo uone mwenyewe." Ndani ya shimo la panya ilikuwamo rozari ambayo Odeta alimsingizia jirani yake, Josefina, kuwa ameiiba. Miaka miwili hawakuwa wakisalimiana. Odeta akaitoa, akaipangusa vumbi. "Nitamwambia nini?"

"Mwambie mwizi amepatikana, ana mkia."

Odeta akajikuta anacheka. Akavuka njia, akapiga hodi. Josefina akachungulia dirishani, akamwona, kisha akaitika, "Karibu."