Nyota Mkia Juu ya Tangi la Jirani

Mume wangu Rogers hakosei. Muulize mwenyewe. Ni fundi simu Kinondoni, basi anadhani kila chenye kioo kinamtii, na mkewe pia.

Tunakaa Mwananyamala na baba yangu, Anselmo, mchongaji wa vinyago. Macho ya baba yameanza kuingia ukungu. Rogers hamtaki, alishanitamkia kwamba alioa mke, hakuoa ukoo. Mie nami simnyamazii, kwa hiyo nyumba yetu haikosi maneno.

Oktoba redio ikatangaza nyota mkia: itazameni magharibi, saa moja jioni. Baba alifurahi mpaka akasahau chai. Utotoni Newala aliwahi kuiona nyingine, kabebwa begani na babu, na alitaka kuona moja tena kabla macho hayajazima. Akamwomba mkwewe, kwa adabu zote, amtafutie itakapokaa.

Rogers akaweka programu ya anga kwenye laptopu. Akaandika Dar es Salaam, tarehe, na saa ile ya redioni. Programu ikaonyesha nyota iko chini ya ardhi. Akatangaza kwamba kwetu haionekani, redio waongo. Nilipomwambia aangalie tena, akanirudisha kwenye sufuria zangu.

Baba hakukata tamaa. Jioni tatu alikaa mlangoni, shingo juu. Ile ya tatu, mie niko jikoni nasonga ugali, nikamsikia anamwita Rogers.

"Mkwe wangu, juu ya tangi la jirani pale, naona kitu cheupe kimejivuta. Siyo yenyewe?"

Rogers yuko palepale, hakuinua hata uso kwenye simu yake.

"Hayo macho yako, mzee. Yamekwisha."

Baba akainuka, akaingia ndani. Asubuhi alifunga tezo na patasi zake kwenye gunia, akampa Albano, mchongaji mwenzake aliyekuwa anahamia Mtwara. Alisema mtu anayeona visivyokuwepo atajikata vidole. Nilimsihi, nikalia. Ng'o.

Wiki mbili baadaye, Rogers yupo kazini, nikaifungua laptopu. Saa aliyoandika: 1:00. Saa moja yetu kaipachika hivyohivyo, na mashine haihesabu saa kama sie. Ikampa anga la usiku wa manane. Nikarudisha tarehe ya jioni ile ya tatu, nikaandika 19:00. Nyota ikatokea magharibi, usawa wa tangi lile.

Aliporudi nikamwambia akamwombe baba radhi. Akasema nyota imeshapita na mzee keshasahau, ugomvi wa nini. Nilimchukia siku hiyo, sifichi.

Nikampelekea baba laptopu mlangoni, nikamweleza kosa lote. Aliinama mpaka pua ikakaribia kioo.

"Kumbe niliiona," akasema. Akaniinulia uso. "Albano bado yupo?"

Albano alishaondoka Jumapili, na gunia lile lile. Rogers alikuwa amesimama nyuma yetu na alilijua hilo vizuri. Nikamgeukia.

"Mjibu wewe," nikamwambia, "mwenye macho."