Maji Ambayo Baba Alisema Hayatafika

Udongo uliolowa kwa muda mrefu una harufu yake, na si ile harufu nzuri ya mvua ya kwanza ambayo watu huisifu. Ni harufu ya ukuta unaooza ukiwa bado umesimama: tope, kinyesi cha ng'ombe kilichotumika kusiliba ukuta huo, nyasi na ukungu. Nyumba yetu ilinuka hivyo msimu mzima, wakati ule wa kuelekea Uhuru, mvua zilipokataa kukatika na ziwa likaanza kupanda. Tuliishi chini ya soko la Otonglo, kati ya barabara ya kwenda Busia na ufuo, mahali ambapo ardhi ni tambarare na ni vigumu kusema shamba linaishia wapi na matete yanaanzia wapi. Asubuhi nilikuwa nikiweka kiganja ukutani, upande ule tuliolala mimi na mdogo wangu Ouma, na kiganja kilitoka kimelowa. Siku moja nilimwonyesha mama. Alikitazama, akakifuta kwa leso yake, akaniambia niende nikachote maji ya kunywa kabla ng'ombe hawajayachafua.

Nieleze kwanza baba yangu alikuwa mtu wa namna gani, maana nikianza na ziwa mtamhukumu upesi. Baba alikuwa mwalimu wa kanisa letu dogo la mabati, ambalo kengele yake ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa mtini. Alisomea misheni, akajifunza kusoma wakati wenzake wengi hawajui, na tangu hapo hakukuwa na swali alilokosa kulijibu. Watu walimletea kila kitu. Je, mtu aliyebatizwa anaruhusiwa kula nyama ya matanga? Je, mwanamke aliyekufa kabla ya ubatizo ameenda wapi? Baba alijibu papo hapo, kwa sauti ya chini, bila kusitasita, nao walienda zao wamepumua. Hakuwa mkali wala mwenye majivuno ya nguo au ya ng'ombe. Aligawa chakula chake, aliwaosha wagonjwa waliotengwa na watu wao, na mimi nilimpenda kwa namna ambayo hata sasa inanitia uchungu. Ila alikuwa na hakika. Alikuwa nayo wakati wote, hata akiwa amelala, nadhani.

Maji yalipomeza bustani za ufuoni, watu walikuja kanisani kumuuliza. Baba alifunga chakula na kuomba kwa siku kadhaa, kisha Jumapili akatutoa sote nje, akatuongoza hadi ukingo wa maji huku mvua ikituchapa, akachukua kigingi cha mti na kukipigilia ardhini kwa nyundo. Alitukumbusha ahadi ya upinde wa mvua, kwamba Mungu aliapa kutoiangamiza tena nchi kwa maji. Akasema ameonyeshwa kwamba ziwa halitapita pale. Watu waliimba. Nami niliimba, nikiwa nimemshika Ouma mkono, na niliona fahari kuwa mtoto wa mtu ambaye Mungu humwonyesha mambo.

Haukupita muda mrefu kigingi kikawa kimesimama majini. Watu hawakumcheka baba, na labda wangemcheka ingekuwa heri. Walimuuliza kwa upole, naye akasema ni jaribu. Maji yalipokifunika kabisa, alisema kwamba Bwana alimaanisha makao ya watu na si mashamba. Yalipofika kwenye ua wetu wa minyaa, majani yakaanza kuwa ya manjano kwa sababu mizizi ilikuwa ikizama, alisema imani ya kweli huanza pale macho yanapokataa. Tulikuwa tukikuta kamongo, wale samaki wa matopeni, wamejikunja katikati ya mahindi yetu, na kuna asubuhi tuliona nyayo za kiboko karibu na ghala. Mama alizisawazisha kwa jembe kabla Ouma hajaamka, maana mtoto angeogopa.

Majirani walianza kuhama mmoja mmoja kuelekea juu, upande wa pili wa barabara. Lakini kwetu Wajaluo mtu hahami kama anayehama chumba cha kupanga. Mwenye boma hutoka asubuhi na mapema akiwa na mwanawe wa kiume wa kwanza aliyebeba shoka, mkewe amebeba moto, na jogoo ni lazima awepo. Na mkubwa wa ukoo ndiye anayeonyesha mahali pa kusimamisha nyumba. Mtu akivuruga utaratibu huo, wazee walisema, watu wake watapatwa na chira, laana inayomkondesha mtu hadi kaburini. Baba aliyachukia mambo hayo yote. Alikuwa ameyakataa ujanani mbele ya baba yake mwenyewe, akapigwa kwa ajili hiyo, na alibeba kovu lake begani kama wengine wanavyobeba medali. Kuhama kwa jogoo ilikuwa kumkana Kristo. Kuhama bila jogoo, hakuna mtu wa ukoo ambaye angekubali kumwonyesha kiwanja. Ouma, ambaye ndiye angebeba shoka kwa kuwa mimi nilikuwa msichana, hakujua lolote kuhusu mabishano hayo. Alizunguka uani na kijiti begani, akituambia tumfuate.

Baba mkubwa, kaka yake baba, alikuja kumsihi. Hakuwa Mkristo. Alikuwa na wake wawili, kiko, na utani usiokwisha. Aliketi kwenye kigoda chetu huku miguu yake ikiwa majini, maana maji yalikuwa yameingia sebuleni kiasi cha kufunika vidole.

"Owadwa," alisema, yaani ndugu yangu, "hata vyura wanapanda mlima. Wewe unangoja nini?"

"Simfuati jogoo," baba alijibu. "Jogoo alimliza Petro, hajamwokoa mtu."

Baba mkubwa alicheka kidogo, akanywa uji aliopewa, akaondoka akiinua suruali yake. Tulidhani hatarudi. Lakini alirudi baada ya siku chache, mchana, mvua ikinyesha, na safari hii hakuketi. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, na utani wote ulikuwa umemtoka.

"Nimefikiri," alisema. "Jogoo nitamwacha kwangu. Shoka liache, moto uache. Leta mke wako na watoto hawa waje tu. Nimekwisha kukuonyesha kiwanja mimi mwenyewe. Kama kuna chira, na inishike mimi niliyekubali."

Nilikuwa mtoto, lakini nilijua kilichosemwa pale. Mtu yule aliamini chira kama baba alivyoamini jehanamu. Alikuwa amesimama katika nyumba yenye maji akijitolea kulaaniwa ili sisi tukae pakavu. Mama alikuwa amempakata Ouma, ambaye homa ilikuwa imemwanza asubuhi hiyo, na alimtazama baba kwa macho ambayo sikuwahi kuyaona kwake. Baba akasema, polepole, "Nikihama sasa, watu nitawaambia nini?"

Hakusema atamwambia Mungu nini. Alisema watu. Baba mkubwa alivaa kofia yake. Alimgusa Ouma kwenye paji la uso, akamwambia mama homa hiyo si ndogo, akaondoka.

Kesho yake baba aliamua tuchimbe mtaro nyuma ya nyumba ili maji yapungue ndani. Yeye alichimba, mama alitupa tope kwa karai, mimi nilibeba nyasi za kuzibia. Ouma alikuwa amelala kitandani, upande ule wa ukuta wangu. Kulikuwa na jua dhaifu, la kwanza baada ya muda mrefu, na baba alikuwa ameanza kuimba wimbo. Ukuta haukutoa kishindo. Ulishuka tu, kama gunia linaloteremshwa kutoka mgongoni, na paa likainamia upande huo. Mama alifika kabla yetu. Alichimba kwa mikono, baba akachimba kwa jembe, kisha akalitupa jembe akiogopa kumkata, naye akachimba kwa mikono. Udongo ulikuwa laini sana. Tulimtoa upesi, mzima wa mwili, hana hata jeraha, na mdomo wake ulikuwa umejaa tope. Mama alimsafisha mdomo kwa kidole, tena na tena, hata baada ya kujua. Sitaki kuandika zaidi juu ya alasiri hiyo.

Kwetu mtoto huzikwa nyumbani kwao, na hilo baba hakulipinga. Wanaume walichimba kaburi uani, na kabla halijafika kina cha magoti likajaa maji. Wakayateka kwa debe, yakarudi. Wakajaribu pembeni mwa ghala, ikawa vilevile. Mwishowe baba mkubwa alisema mtoto hawezi kuzikwa kama nanga, akamchukua kwenda kuzikwa bomani kwake, kule juu, kinyume cha desturi kwa mara ya pili. Mhubiri mmoja alitoka mjini Kisumu kuja kutuzikia. Hakujua Kijaluo, kwa hiyo alihubiri kwa Kiswahili cha mjini.

"Hii mtoto Mungu alimpenda kuliko sisi," alisema. "Mungu ndiye ametaka hii maua katika shamba yake. Nani anaweza uliza yeye?"

Watu waliitikia amina. Baba alisimama. Alikuwa na tope kavu kwenye kucha bado.

"Bwana mhubiri, nakuomba usimsingizie Mungu," alisema. "Mungu hakumuua mtoto huyu. Mungu hakuniambia nikae pale. Ni mimi niliyesema, nikaweka jina lake juu ya maneno yangu. Nilikosea. Nyinyi mliohama mlifanya vizuri. Na huyu kaka yangu, ambaye nilimwita mpagani, alikuja mlangoni kwangu kwa upendo wa Kristo, nikamfukuza."

Mama mmoja alipaza sauti, "Shindwa!" kama tunavyomkemea Shetani. Wengine walianza kuimba kwa nguvu ili baba asisikike. Walikuwa tayari kumsamehe kifo cha mwanawe, kwa kuwa msiba ni msiba. Lile neno nilikosea ndilo walilolikataa. Wazee wa kanisa walikutana, wakamwondoa katika kufundisha. Kama alikosea hilo, walisema, tutajuaje kama hakukosea mengine? Baba alipoambiwa swali hilo alisema ni swali zuri, nao wakaona amezidi kupotea.

Tulihamia juu, tukajenga karibu na baba mkubwa. Mama alimpikia baba, alimfulia, alimzalia dada zangu wawili, lakini kwa miaka mingi, baba alipofumba macho kuombea chakula, yeye aliyaacha wazi akimtazama. Najua kwa sababu yangu pia yalikuwa wazi. Baada ya muda kanisa lilimrudisha baba, kwani hapakuwa na mwingine wa kusoma. Akafundisha, ila kila somo alilimalizia kwa kusema kwamba hivi ndivyo anavyoelewa leo, na kwamba anaomba asiwe anawapoteza. Benchi zilipungua. Watu walienda kwa wahubiri waliojua zaidi, na sikuwalaumu, maana hata mimi nilichoka. Nilimkumbuka yule baba wa zamani, aliyejibu papo hapo. Nilikuwa na hasira naye kwa kuwa na hakika wakati ule, na hasira nyingine kwa kukosa hakika sasa, na zote mbili zilikaa ndani yangu bila kugombana.

Katikati ya miaka ya sabini, nikiwa nimeolewa Bondo, niliitwa kuja Kisumu kwa sababu baba alikuwa amelazwa. Alikuwa amebaki mifupa na macho. Nilikaa kando ya kitanda siku nzima nikimpa maji kwa kijiko, na alasiri, wagonjwa wengine walipokuwa wamelala, nilimuuliza jambo nililolibeba tangu utotoni.

"Baba, utamwona Ouma?"

Midomo yake ilifunguka, na nililiona jibu la zamani likija, lile la papo hapo. Angeweza kulitoa. Nilikuwa mwanawe, nilikuwa nalia, na halikuwa na gharama yoyote.

"Natumaini, nyathina," alisema, yaani mwanangu. "Natumaini sana."

Alifariki wiki hiyo. Sasa ninaishi Nyamasaria, nina umri aliokosa kuufikia, na ziwa limepanda tena miaka hii ya karibuni, likameza nyumba za watu wengine. Jirani yangu mmoja ana kanisa lenye spika zinazotikisa madirisha yangu. Kila Jumapili humsikia akiwaambia watu nani amepona, nani ataolewa, nani yuko mbinguni na nani hayuko, na maji yataishia wapi. Watu hutoka pale wamepumua, kama walivyotoka kwa baba, na mimi huwatazama watoto walioshikwa mikono. Nilienda kumwona siku moja, nikamsimulia habari za Ouma. Alinishika kichwa, akaniambia bila kusita kwamba baba na Ouma wako pamoja, ameonyeshwa. Nilimshukuru, nikarudi nyumbani nikiwa na hasira. Nilitaka baba aseme ndiyo. Mpaka leo nataka aseme ndiyo, na najua alinipenda kiasi gani alipokataa kuisema.