Kigari Kisicho na Breki

Wewe unayenisikiliza, ikiwa nyumbani kwako kuna mtoto aliyechelewa kutembea, tulia hapo ulipo. Nitakueleza yangu polepole, pamoja na kosa nililofanya, kwa sababu kosa hilo ndilo lililotufikisha tulipo.

Mjukuu wangu sasa ana miaka minne na hawezi kufika dukani bila kukimbia. Lakini alipofikisha mwaka mmoja na nusu alikuwa bado anasota kwa makalio. Suruali zake zote zilitoboka mahali pamoja. Tunaishi mtaa wa Shauri Moyo, katika nyumba za zamani ambazo milango yake inatazamana, kwa hiyo kila mtu alikuwa na maoni. Mama anayeuza mahamri mlango wa pili alimpa jina la Bwana Mkubwa.

"Huyu hangojei kutembea," alisema. "Anangoja kubebwa."

Binti yangu, mama yake mtoto, alicheka pamoja naye, lakini nilimwona akiipapasa ile miguu kila alipomwogesha. Muuguzi wa kliniki alikuwa amesema miguu ni mizima, apewe muda.

"Muda gani, Baba?" aliniuliza. "Waliozaliwa mwezi mmoja naye wanakimbia."

Mimi ni mchongaji wa vinyago, twiga na vifaru zaidi. Basi nikachukua mbao za jakaranda nikamtengenezea mtoto kigari: sanduku dogo, magurudumu manne, na mpini nyuma, kimo cha kifua chake. Kwetu wachongaji, kazi haijaisha mpaka ing'ae. Nilikipiga msasa wa kukwaruza, kisha ule laini, na hata magurudumu nikayapaka nta. Mama wa mahamri alisema kinafaa kuuzwa kwa watalii.

Asubuhi iliyofuata mtoto alishika mpini akasimama. Nilivimba kichwa. Kisha kigari kikateleza juu ya saruji kama kipande cha sabuni, kikamwacha, naye akaanguka kwa mdomo. Mara ya pili ikawa vivyo hivyo. Mara ya tatu akakataa kukigusa. Binti yangu alimwinua, akampangusa damu, akaingia ndani bila kunitazama. Hapo ndipo nilipoumia. Nilitaka kumfundisha kusimama, na sasa nilikuwa nimemfundisha kuogopa.

Jirani yetu, dereva wa lori, alipotoka kazini aliinama akakisukuma kigari kwa kidole kimoja. Kilienda mpaka kwenye mtaro.

"Mzee, hii ndai yako haina breki."

"Ni ya mtoto, si ya kwenda Mombasa."

"Hata ile yangu ya Mombasa haikimbii hivi. Umeipaka nini?"

Nilicheka, halafu nikaenda kukiokota mtaroni. Macho yangu yamezoea vitu vya kuwekwa juu ya kabati na kutazamwa. Mtoto alihitaji kitu kinachomkatalia kidogo anapokisukuma. Nilitembea hadi soko la Gikomba, ambako fundi wa viatu vya tairi alinikatia vipande vya tyubu kuukuu. Nilikwangua nta yote, nikayavalisha magurudumu mpira, na ndani ya sanduku nikalaza kipande kizito cha mpingo.

Kwa siku nne mtoto hakutaka kukiona. Sikumlazimisha. Nilikiweka karibu na kiti changu barazani nikaendelea kuchonga. Siku ya tano alisota mpaka hapo, akifuata maganda ya mbao yaliyoangukia sandukuni, akajivuta juu. Kigari hakikuondoka. Akakisukuma, kikasogea kwa uvivu, naye akainua mguu kukifuata.

"Bwana Mkubwa anaenda ofisini," mama wa mahamri alisema, akaacha karai lake motoni.

Binti yangu alitoka na mikono yenye povu, akasimama mlangoni. Mtoto alivuka ua mzima. Alipofika ukutani akapiga kelele ageuzwe, akarudi. Siku hiyo alizunguka mpaka akalala ameshika mpini.

Hazikupita wiki tatu. Jioni moja alikiacha kigari katikati ya ua, akanitazama, akaja mikono mitupu mpaka magotini pangu. Hatua saba. Binti yangu alisema nane, na bado tunabishana. Mahamri ya jioni hiyo tulikula bure, ua mzima.

Kwa hiyo ukimtengenezea wako, magurudumu yavalishe mpira, sanduku litie uzito, kisha chuchumaa mbele ya mtoto, nyoosha mikono, na umwache aje mwenyewe.