Kumpiga Picha Mama Mkwe

Nilikwenda Bariadi kwa sababu mama mkwe wangu alikuwa anapoteza macho. Habari zilitufikia Mwanza kwa kila ndugu aliyepita: mara hawezi tena kutunga uzi kwenye sindano, mara amemwita mwanawe kwa jina la jirani. Jioni moja mke wangu Kabula akaniambia, "Mama hajapigwa picha hata moja maisha yake yote. Nataka apigwe, na aione kwa macho yake mwenyewe kabla hayajazimika."

Sikuwa na kisingizio, maana kazi yangu ilikuwa imelala. Biashara ilikuwa imefunguliwa nchini na kila kitu kilikuwa kinaingia: mitumba, redio, sabuni za kunukia, na mashine ya picha za rangi iliyofungwa mtaa wa pili kutoka studio yangu. Mimi bado nilisafisha picha nyeusi na nyeupe kwa mikono, na watu walianza kunitazama kama fundi wa kuziba sufuria. Nilifunga kamera yangu ya zamani, ile unayoitazamia kwa juu, pamoja na sinia, dawa na karatasi, ili picha itoke hukohuko kijijini. Moyoni nilikuwa na swali langu pia, kama bado mimi ni mpiga picha au ni mkaidi tu.

Asubuhi tuliondoka Mwanza kwa lori la mnunuzi mmoja wa pamba lililokuwa linakwenda tupu kuchukua mzigo. Zamani pamba ilikuwa na mnunuzi mmoja tu, chama cha ushirika. Sasa walikuwa wengi, wakikimbizana vijijini kama wachumba. Dereva alipoona masanduku yangu aliuliza kama nami nimeingia kwenye pamba. Nilipomwambia ni vyombo vya picha akacheka, "Picha za rangi?" Nikatazama dirishani.

Lamadi tulishuka mchana kula sangara na ugali, pembeni mwa wachuuzi wa samaki waliokuwa wakigombana na upepo wa ziwani juu ya turubai lao. Kutoka hapo barabara inaliacha ziwa na kupanda bara. Mashamba ya pamba yalikuwa yamevunwa, na kwenye mabua mlibaki vipande vyeupe ambavyo mbuzi walivichungulia bila kuvila. Niliuliza maswali mpaka Kabula akachoka. Mbona nyumba ziko mbalimbali hivi? "Ng'ombe wanahitaji nafasi," alisema. "Na watu pia."

Jioni tulifika Bariadi mjini, na kesho yake tukaenda kijijini kwao, upande wa Lagangabilili. Shemeji yangu Masunga, kaka yake Kabula, alitupokea uani.

"Mwadila, shemeji!"

"Mwadila," nikajibu salamu kwa lafudhi yangu ya Morogoro, na watoto wakaanguka kwa kicheko.

Tuliletewa maziwa mgando na michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani. Mama mkwe sikumwona. Nilisikia tu sauti yake nyuma ya nyumba, nzito na yenye mzaha, ikiuliza kama nimeshiba.

Hapa lazima nieleze. Kwa Wasukuma wa huko, mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani usoni. Kwetu nako mkwe huheshimiwa, ila hapa mtu akisikia hatua zako anabadili njia. Nilipoleta mahari niliuona mgongo wake tu. Lakini nilidhani kazi ni kazi, na kwamba kamera itanipa ruhusa kama daktari anavyopewa. Basi alasiri nikapanga kiti uani, nikaita, "Haya, mama akae katikati!" Nikatoka na kamera kifuani.

Uwanja ulitawanyika. Mama alijifunika kanga kichwa kizima na kuingia nyuma ya ghala, shangazi wawili wakimkinga. Kuku nao walikimbia, sijui wao walikuwa wakwe wa nani.

"Shemeji," Masunga akaniambia taratibu, "hiyo kamera si jicho?"

"Ni chombo tu, shemeji."

"Na anayechungulia ndani ni nani?"

Niliona aibu, na zaidi ya aibu nikaingiwa na hofu, kwa sababu Kabula alikuwa amekaa kwenye kile kiti kitupu akilia kimyakimya. Nikamwambia, "Utapiga wewe."

"Mimi? Sijawahi kushika hata kifuniko chake."

Asubuhi iliyofuata tukafanya hivi. Nilimkalisha kwanza Kabula kwenye kiti badala ya mama, nikapima mwanga na umbali, nikakaza kila kitu. Kisha nikaenda kukaa nyuma ya boma la ng'ombe, nikitazama miiba, na mama akaletwa. Kutoka huko nilipaza sauti, "Awe ametulia! Asitikisike! Asicheke!" Ndivyo nilivyowaambia wateja wote Mwanza.

"Nikienda kushoto mama anakwenda kulia!" Kabula akapiga kelele.

"Ndivyo kamera hii ilivyo, kila kitu kinageuka! Vumilia!"

Nikamsikia mama akimuuliza kwa Kisukuma anachotafuta humo ndani kama kuku anayenywa maji. Uwanja mzima ukacheka. Katikati ya kicheko hicho kamera ikalia, taki. Nikashika kichwa. Imeharibika, nikajisemea.

Filamu niliisafisha kwenye chombo chenye mfuniko, nikaikabidhi kwa Kabula bila kuikunjua. Ilipokauka tukaziba dirisha la stoo ya mahindi kwa mablanketi, tukafunga tochi kitambaa chekundu. Hapo ndipo nilipokumbuka. Karatasi ikiingia kwenye dawa, uso huja wenyewe polepole, na aliyeinamia sinia ndiye wa kwanza kuutazama. Nikatoka nje, nikasimama chini ya lile dirisha lililozibwa.

"Itumbukize yote kwa mara moja. Tikisa sinia."

"Natikisa. Hakuna kitu."

"Subiri."

Sijawahi kungoja picha namna ile.

"Mikono!" alisema. "Mikono yake inakuja. Ameishika kanga. Na kidole kile kilichopinda kwa jembe."

"Endelea kutikisa. Nini tena?"

"Shingo... meno! Anacheka! Macho ameyafumba karibu yote, lakini anacheka, jamani, kama alivyokuwa akicheka tukiwa wadogo."

"Toa! Tia kwenye maji!" nilipiga kelele, nami machozi yananitoka mbele ya ng'ombe wa watu.

Mama aliipeleka picha juani, akaisogeza karibu na pua, akaitazama muda mrefu. Masunga ndiye aliyeniletea neno lake: "Anasema wabeja sana, asante. Anasema amefanana na mama yake, naye hakuwa anajua."

Tulirudi Mwanza na nakala moja, ambayo Kabula aliiweka kwenye sanduku la kanga. Tangu hapo anapiga picha nami studio. Watu huja, wanakaa, wanaongea naye mpaka wanasahau mikono yao, halafu taki. Siku zote nilidhani upigaji picha ni macho yangu na amri zangu za "usitikisike". Mashine ya jirani bado inatupita kwa rangi, lakini kazi yetu haijafa, na mimi nimeacha kuwaambia watu wasicheke.

Mvua zilizofuata zilipokatika, Masunga alikuja mjini na habari. Macho ya mama yalikuwa yamezimika kabisa. Alikuwa amempa pia Masunga neno aniletee: "Mwambie mkwe wangu sasa mimi sioni kitu. Hatuwezi tena kutazamana. Picha yangu aitazame, nimempa ruhusa."

Kabula alifungua sanduku, akailaza mezani kifudifudi, akaniachia chumba. Nilikaa nayo mpaka chai yangu ikapoa. Ruhusa nilikuwa nayo, na hamu nilikuwa nayo. Mkono wangu ulifika ukingoni mwa karatasi, ukarudi. Nikamwita Kabula, nikamwomba akae karibu yangu anisimulie tena, kuanzia kwenye mikono.